Marehemu Aliyesifu Uyoga

Sir Ambrose Fennimore alikufa mezani siku ya Jumatano asubuhi, akiwa na mke wake, mpwa wake na mchungaji wa kanisa, na hakuna hata mmoja wao aliyeng'amua mpaka ilipofika saa nne kasoro dakika ishirini. Si kwamba walikuwa vipofu. Walikuwa na adabu.

Nyumba ya Tarrowby ilikuwa na sheria nyingi, na kali kuliko zote zilikuwa za kifungua kinywa. Watumishi hawakai chumbani. Vyakula hupangwa juu ya meza ya pembeni chini ya vifuniko vya fedha, na kila mtu hujipakulia mwenyewe. Kutazama sahani ya mwenzako ni ushenzi. Na mtu aliye nyuma ya gazeti hasemeshwi, hata nyumba ikiungua, mpaka alikunje mwenyewe. Sir Ambrose alikuwa na kibao chake cha kusimamishia gazeti mbele ya sahani, na kwa muda wa miaka thelathini familia yake ilikula asubuhi ikitazamana na matangazo ya ukurasa wa kwanza.

Mimi nilikuwa mpishi pale. Jina langu Tabitha Grimble, na wote waliniita Mama Grimble ingawa sijaolewa wala sijazaa. Mpishi wa nyumba kubwa huku kwetu hupewa umama pamoja na aproni. Nilipika Tarrowby miaka ishirini na miwili, sijamuumiza mtu tumbo hata mara moja, na siku ile nusura ninyongwe kwa ajili ya uyoga.

Huo uyoga niliuchuma mwenyewe alfajiri, nyuma ya zizi la farasi, katika ukungu mzito usioonyesha hata ncha ya pua. Nikaukaanga kwa siagi na kuuweka katika bakuli dogo la Bwana mkubwa. Lilikuwa lake peke yake. Hata Mchungaji asingethubutu kuligusa. Saa tatu kamili Bwana Pinnock, msimamizi wa nyumba, akalipandisha juu, akaliweka kwenye meza ya pembeni, akatoka bila kugeuza shingo. Pinnock alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kujivunia kwamba katika miaka thelathini na moja ya utumishi hajawahi kumtazama Bwana usoni kabla ya saa sita mchana.

Saa nne kasoro dakika ishirini aliingia tena kwa shughuli yake ambayo nitaieleza baadaye. Aliinama, akakigusa kibao cha gazeti, na Sir Ambrose akaegemea mbele polepole mpaka ndevu zake zikaingia katika jemu ya machungwa.

Pinnock akasimama wima. "Bibi," akamwambia Lady Fennimore, "Bwana mkubwa amefariki. Nilete chai nyingine?"

"Asante Pinnock," akajibu Lady Fennimore, "na kijiko kingine cha jemu."

Hivyo ndivyo alivyotusimulia mwenyewe jikoni, naye si mtu wa kutia chumvi. Bibi hakuwa na moyo wa jiwe. Ila alilelewa kwamba msiba ukija mezani, kwanza unamaliza kula.

Daktari alifika, akamnusa marehemu, akamfunua kope, akasema ni sumu. Ya namna gani, hakujua. Maabara wangesema baada ya wiki. Alikufa saa ngapi? Hapo pia akababaika. Bwana alikaa huku moto wa kuotea ukimchoma mgongo, na mwili ulioota moto hausemi kweli. Pengine saa moja iliyopita, pengine mbili.

Kisha akaja Inspekta Uttley kutoka mjini, mtu mfupi mwenye daftari refu. Aliwahoji wale watatu mmoja mmoja. Lady Fennimore alisema aliingia saa mbili na nusu, akampa mumewe habari za asubuhi, naye akamjibu. Mchungaji Tidmarsh, aliyekuwa mgeni wa nyumba tangu Jumatatu, alisema alimsalimu na Sir Ambrose akatikisa kichwa kwa ukarimu. Kijana Crispin, mwana wa dada yake marehemu, alisema zaidi. Alisema mjomba aliinuka baada ya saa tatu, akajipakulia uyoga wake, akala, akasema, "Mama Grimble leo amejipita."

Inspekta akaandika yote. Mtu alikuwa hai saa tatu na dakika kumi, akala uyoga ambao hakuna mwingine aliyeula, akafa. Mpishi aliuchuma mwenyewe, gizani, ndani ya ukungu. Mambo yamekwisha. Alishuka jikoni, akanitazama mikono kwanza, halafu uso.

"Wewe ndiwe mpishi?"

"Ulitaka niwe nani, nikiwa na mwiko?"

"Uliuchuma wapi huo uyoga?"

"Nyuma ya zizi. Mama yangu aliuchuma hapo, na bibi yangu kabla yake, nao wote walikufa kwa uzee."

"Huenda umekosea, Mama. Huenda hukukosea. Usitoke nje ya nyumba hii."

Sikulia mbele yake. Nilikata vitunguu, basi machozi yakapata ruhusa. Unaweza kumwita mpishi mwizi, ukamwita mlevi, kesho akapata kazi kwingine. Lakini ukimwambia mtu kwamba chakula chake kimeua, umemzika kabla ya kitanzi. Hata majaji wakiniachia, nani angefungua kinywa mbele ya kijiko changu tena?

Na jibu nililiona siku ileile mchana. Nilipika supu ya mbaazi, nikachoma kondoo, nikatengeneza pudingi ya matofaa. Vyote vilirudi jikoni jinsi vilivyopanda. Bibi alisema huzuni imemfunga koo. Mchungaji alisema amekumbuka ghafla kwamba Jumatano yeye hufunga. Inspekta alisema amekula njiani. Hata wasichana wa kazi wakaanza kula mkate mkavu waliouficha chini ya mito. "Si kwa ubaya, Mama Grimble," waliniambia, "tumeshiba tu." Wamebanwa na njaa mpaka macho yamewatoka, na bado wana adabu! Nilimtupia paka kipande cha kondoo. Akakinusa, akaniangalia, akaondoka. Hilo liliniuma kuliko yote.

Pinnock naye alikaa kwenye kona ya jikoni anapiga buti rangi, kazi ambayo si yake. Hakuniinulia uso.

"Bwana Pinnock," nikamwambia, "miaka yote hiyo tunapishana mlangoni, leo huna hata neno?"

"Ni siku ya taabu, Mama Grimble."

"Ya taabu kwako? Shingo ni ya nani?"

Akazidi kupiga buti ileile, nayo ilikwisha kung'aa zamani. Nikajua mtu huyu ana kitu kifuani. Damu ilinichemka, lakini sikujua nimshike wapi.

Saa kumi jioni Inspekta akatuita sote maktaba. Wakubwa wakakaa, Pinnock na mimi tukasimama karibu na mlango, maana kiti cha maktaba hakijapata kukaliwa na aproni. Chai yangu ilikuwa mezani, vikombe vinne, na kila mmoja alikishika chake kwa mapenzi makubwa bila kukifikisha mdomoni.

"Nimemaliza," akasema Inspekta. "Mashahidi watatu waungwana wanakubaliana. Nitamchukua mpishi leo hii."

 Nikashika ukingo wa rafu, na mbele ya macho yangu, juu ya rafu ile, nikaona magazeti ya zamani ya Bwana yamepangwa, yote yamenyooka kama shuka, kwa sababu Pinnock huyapiga pasi kila asubuhi ili wino usichafue vidole vya Bwana na ukurasa usiwe na mkunjo. Pasi yake huipasha kwenye jiko langu. Nikaikumbuka asubuhi ile. Aliichukua pasi jikoni kwangu saa mbili kasorobo, kama kawaida. Lakini mkokoteni wa stesheni, ambao huleta gazeti kutoka London, ulichelewa kwa ukungu. Gazeti lilifika saa tatu na nusu, na aliyelipokea mlango wa nyuma ni mimi, kwa mikono yangu hii.

Basi saa mbili kasorobo alikuwa anapiga pasi nini?

"Bwana Pinnock," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua, "leo asubuhi ulimwekea Bwana gazeti gani?"

Nimeona watu wakisimama kizimbani, lakini sijaona uso kama ule wa Pinnock. Ulikuwa mweupe, ukawa mwekundu, ukarudi mweupe. Lady Fennimore akageuza kichwa. Inspekta akasema haya mambo ya magazeti hayahusiani na kesi.

"Yanahusiana," akasema Pinnock polepole. Akavua glavu zake nyeupe, akazikunja, akaziweka mezani, na mimi nikaelewa kwamba anaiweka kazi yake pale. "Bibi, naomba radhi. Nimefanya jambo la aibu. Gazeti halikuja. Bwana hushuka saa mbili, na sikuweza kumwacha akae mbele ya kibao kitupu. Nilichukua gazeti la jana, nikalipiga pasi upya. Nikalisimamisha mbele yake saa mbili na dakika tano, nikatoka. La leo lilipofika nilirudi kuyabadilisha kabla hajagundua."

"La jana!" akasema Lady Fennimore, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana kama mtu aliyefiwa.

"La jana, Bibi. Nimekaa kimya tangu asubuhi kwa ajili ya jina langu, na Mama Grimble anataka kufa kwa ajili hiyo. Nimeona haya kuliko ninavyoweza kusema."

Nilitaka kumkumbatia, nikataka kumpiga kwa pasi yake, sikujua kipi kitangulie. Inspekta akatuma askari alete gazeti kutoka chumba cha kulia, ambalo yeye mwenyewe alilitazama mara tatu bila kulisoma. Tarehe ilikuwa ya Jumanne.

"Sawa," akasema, "amesoma gazeti la jana. Kuna nini hapo?"

Tukamtazama wote kwa huruma, wakubwa kwa watumishi. Huyu mtu hakumjua marehemu.

"Inspekta," akasema Lady Fennimore, "mwaka juzi ukurasa wa michezo ulikuwa na mkunjo mmoja. Mume wangu alirusha birika dirishani, na kioo hakikuwa kimefunguliwa. Ambrose akae saa nzima na nusu mbele ya gazeti la jana, kimya?"

"Haiwezekani," akasema Mchungaji, "labda awe amekufa." Kisha akasikia alichosema.

 Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Lakini Bibi," akasema Inspekta, akirudisha kurasa za daftari, "ulisema ulimsalimu saa mbili na nusu, akakujibu."

Bibi akanyoosha sketi yake. "Ambrose hajaitikia salamu ya asubuhi tangu tufunge ndoa. Nilisema amejibu kwa sababu siwezi kumwambia mgeni kwamba mume wangu hana adabu. Na tena polisi!"

"Mchungaji? Kichwa chake kilichotikisika?"

Mchungaji Tidmarsh akawa mwekundu mpaka kwenye upara. "Nilitikisa mimi. Nikafikiri naye ametikisa. Isingekuwa vizuri kufikiri vinginevyo."

Mtumishi wa Mungu! Kwa salamu mbili zisizokuwapo walitaka kunitundika, na wala hawakunichukia. Laiti wangenichukia, ningeelewa. Nikaona moto unanipanda, nikasahau aproni yangu na viti vyao.

"Bibi, Mchungaji, mniwie radhi," nikasema, "ninyi mlisema uongo wa adabu. Lakini kuna aliyesema marehemu aliinuka, akajipakulia, akala na kunisifu. Maiti gani hiyo? Na uyoga uliingia saa tatu, Bwana akiwa amekufa tangu saa mbili. Ulifikaje kwenye sahani yake?"

Crispin akacheka, kicheko kifupi. "Mama Grimble amechoka, maskini. Mjomba alijipakulia, nilimwona."

"Inspekta, sahani ya Bwana ipo wapi?"

Sahani ikaletwa, imefunikwa kitambaa. Nikaifunua. Na hapo, ndugu zangu, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mpishi hajui watu kwa nyuso, maana hapandi juu. Huwajua kwa mabaki yao. Bibi huacha kingo za mkate. Mchungaji hana mabaki. Sir Ambrose, Mungu amrehemu, alikula kila kitu na kufuta sahani kwa mkate mpaka msichana wa kuosha akamwombea maisha marefu. Sahani hii ilikuwa na siagi imeganda, uyoga uliobaki katikati, na pembeni vikonyo saba vya uyoga vimepangwa mstari mmoja, kidogo mpaka kikubwa.

"Bwana Crispin," nikasema, "ulikuja nyumba hii una miaka sita. Nilikupigia kelele mpaka nikakauka koo: kula na vikonyo, mtoto wewe, vikonyo ndivyo vyenye ladha. Mpaka leo unavipanga vilevile."

"Vikonyo!" akasema Crispin. "Mnataka kunishitaki kwa vikonyo?"

"Ulimpakulia maiti," nikamwambia, "ukakaa kando yake ukala nusu ili ionekane amekula yeye, ukijua hapa hakuna atazamaye sahani ya mwenzake. Na uliula bila woga, kwa sababu katika nyumba hii nzima ni wewe peke yako uliyejua kwa hakika kwamba uyoga wangu hauna neno."

Kweli njia ya mwongo ni fupi. Lady Fennimore alimtazama kijana wake, akakumbuka, na nikaona anakumbuka. "Crispin, ndiwe uliyemchanganyia mjomba wako dawa yake ya tumbo, ile ya chumvi, leo kabla hajashuka. Ulisema unataka kuagana naye vizuri." Maana Ijumaa ile Crispin alikuwa apande meli kwenda Kanada kufuga kondoo. Mjomba alikwisha kata shauri; alisema kondoo watamfunza kuamka mapema. Crispin alisihi mwezi mzima, akanuna mwezi mzima, kisha wiki hiyo akawa mpole ghafla. Tukadhani amekua.

Crispin akainuka, akaweka kikombe chake chini vizuri bila kukigonga. "Samahanini kidogo," akasema, akaenda dirishani, akaruka.

"Crispin!" akaita Lady Fennimore. "Mlango upo!"

Aliangukia katika mawaridi ya Bibi ya mashindano, yale yenye miiba ya kidole kizima, na askari wawili walitumia nusu saa kumchomoa. Mfukoni walimkuta na karatasi ya sumu ya panya kutoka banda la mtunza bustani. Alipopitishwa mlangoni suruali imechanika aliwaomba radhi wasichana wa kazi kwa kuwa katika hali ile mbele yao. Nilimlea yule kwa uji wangu. Sitasema haikuniuma.

Jioni hiyohiyo Pinnock alipeleka barua ya kuacha kazi. Lady Fennimore aliisoma, akamrudishia. "Pinnock, mume wangu alikufa akiwa na gazeti lililonyooka mbele yake. Angependa hivyo. Nenda kafunge mapazia."

Mimi nami niliitwa juu. Inspekta aliniomba radhi, Mchungaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili, Bibi akasema, "Mama Grimble, jina lako ni safi kama zamani, na kesho tutakula uyoga wako." Nilishuka ngazi nimekuwa mwepesi kama msichana. Alfajiri nilikwenda tena nyuma ya zizi, nikachuma kikapu kizima, nikakaanga, nikaupandisha katika bakuli kubwa la fedha kwa ajili ya watu wote.

Saa nne bakuli likarudi.

Nilifunua kifuniko. Siagi ilikuwa imeganda juu, na hakuna kijiko kilichoingia. Bibi alituma salamu kwamba umenukia vizuri mno, ila ameshiba mayai. Mchungaji alisema kumbe hata Alhamisi yeye hufunga. Inspekta, aliyelala pale, aliondoka mapema akihimiza nisisumbuke. Wasichana wa kazi wakatazama sakafu. Wote walijua kwamba sikuua mtu, wote wangeapa, na tumbo la kila mmoja lilikuwa na maoni yake. Nikakaa kwenye kigoda, nikafunika uso kwa aproni. Hapakuwa na vitunguu vya kusingizia.

Nikasikia kiti kinavutwa. Nilipoinua uso, Pinnock alikuwa amekaa kwenye meza yangu ya jikoni, ambako msimamizi wa nyumba hakai, maana yeye hula chumbani kwake mlango umefungwa. Alikuwa hana glavu. Alivuta lile bakuli lote mbele yake, akachukua uma, akaanza kula. Hakula kwa kuonja onja. Alikula uyoga wa watu wanne, umepoa, siagi imeganda, mbele ya wasichana wote waliosimama midomo wazi, na vikonyo akala kimoja kimoja. Alipomaliza alikata kipande cha mkate akafuta bakuli. Kisha akajipangusa mdomo, akanitazama usoni, na haikuwa imefika hata saa tano.

"Umepungua chumvi, Mama Grimble," akasema.

Miaka ishirini na miwili niliambiwa chakula changu ni kizuri, na waliokila na wasiokila. Nilimshika Pinnock mabega nikambusu kwenye upara, nikalia mbele ya watu. Kisha nikachukua kikapu changu, maana alikuwa amesema kweli, chumvi niliisahau, na yule msichana wa kuosha vyombo alikuwa ameanza kuniuliza kama uyoga wa pili utachukua muda mrefu.